Nyumba ya Msingi wa Mawe: Nani Aliijenga?

Kwetu, nyumba yoyote ya zamani yenye msingi wa mawe, kuta nene za matofali ya kuchoma na madirisha ya upinde huitwa nyumba ya Mjerumani. Jina hilo limezoeleka kiasi kwamba hata nyumba iliyojengwa na Mngoni, kwa fedha za Mngoni, miaka zaidi ya thelathini baada ya utawala wa Wajerumani kuondoka, huitwa hivyo hivyo. Ndivyo inavyoitwa nyumba ya shamba ya marehemu babu yangu mzaa baba, ambayo ukoo wetu umekubali itumike kwa kazi za chama.

Ndugu wanachama mliohudhuria mkutano mkuu uliopita mtakumbuka tuligawanyika juu yake. Wapo waliosema ibomolewe, mawe na matofali yake yasaidie ujenzi wa zahanati, kwa kuwa tofali ni tofali. Wapo waliosema ikarabatiwe iwe chumba cha kusomea watoto na ghala dogo la mbegu. Kamati ikaniomba niandike kidogo kuhusu historia ya nyumba za namna hii kabla hatujapiga kura. Mimi ni mhasibu, nakaa Dar es Salaam, na kazi yangu ni kuuliza kila mali imetoka wapi, imegharimu nini na imebakiza nini. Nimeuliza maswali hayo hayo hapa.

Nianze na mali yenyewe. Nyumba ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, vyumba vinne na baraza mbele. Msingi ni wa mawe ya mlimani, umepanda kutoka ardhini hadi usawa wa goti, na hayo mawe hayakuchongwa. Fundi aliyapanga kwa jicho, kubwa chini, dogo likiziba pengo, na udongo wa kichuguu katikati. Juu ya mawe ndipo tofali linaanza. Sababu yake anaijua kila aliyewahi kuona mvua ya Songea ikipiga kuanzia Novemba hadi Aprili. Matone yakidondoka kutoka kwenye paa huruka na kulowesha ukuta kwa chini. Jiwe halijali, lakini tofali lililoiva nusunusu huanza kumeguka. Na mchwa akitaka kupanda kwenye mbao itabidi apitie nje ya jiwe, mahali ambapo njia yake inaonekana na inaweza kufutwa kwa fagio.

Madirisha na milango haina linta ya zege wala nondo. Juu ya kila tundu kuna tao la matofali yaliyosimamishwa wima na kubanana kama meno. Fundi alitengeneza kwanza umbo la mbao, akapanga matofali juu yake, akaacha yakauke, kisha akaitoa mbao. Tao zuri hujibana lenyewe kwa uzito ulio juu yake. Zote za nyumba ile bado zimesimama, ingawa hazina hata kijiko cha saruji.

Paa linamwaga maji pande zote nne. Mwanzo lilikuwa la nyasi, baadaye bati. Kenchi ni za mninga, mti ambao kwetu haukuwa anasa kama ulivyo leo kwenye maduka ya samani mjini. Chini ya paa kuna dari la mbao lililokuwa likihifadhi mahindi, na jiko liko nje, nyumba ya peke yake, ili moto ukitokea usile vyote.

Sasa ufundi huu ulitoka wapi? Lazima tukubali kwamba ulipita Peramiho, kilomita kama 24 magharibi ya mji wa Songea. Ila namna ulivyopita haifanani na hadithi tunayowasimulia watoto.

Wangoni waliofika huku katika karne ya 19 walijenga kwa miti, udongo na nyasi, na utajiri wao ulikuwa ng'ombe na watu. Nyumba ya namna hiyo haikuwa ya kimaskini. Ilimfaa mtu ambaye babu zake walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na ambaye huenda angehama tena. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Songea mwaka 1897. Mwaka uliofuata Padre Cassian Spiss, Mbenediktini kutoka Tyrol nchini Austria, alianzisha misheni ya Peramiho, si mbali na Maposeni, makao ya watawala wa Njelu. Kigonsera ikafuata mwaka 1899.

Misheni ya Kibenediktini tangu asili ni shamba. Watawa wa shirika hilo huishi kwa sala na kazi, na kazi maana yake ni ng'ombe, bustani, karakana ya seremala, tanuri la matofali na jiko la mkate. Kwa hiyo watu wetu hawakuona kanisa peke yake likijengwa. Waliona nyumba ya shamba yenye zizi, ghala na karakana chini ya mpango mmoja. Walioyaona hayo kwa karibu zaidi ni wale waliofyatua matofali yenyewe.

Halafu ukaja mwaka 1905. Kabla ya hapo misheni ilikuwa imechoma kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama, mahali pa kuwaenzi wahenga wa ukoo. Jambo hilo huwa tunaliruka tunaposimulia, nasi tusiliruke, kwa sababu nyumba ya kwanza kuchomwa katika habari hii haikuwa ya mzungu. Vita vya Majimaji vilipofika Ungoni, Peramiho nayo ilichomwa, Septemba 1905, na Padre Franziskus Leuthner akauawa. Spiss, ambaye wakati huo alikuwa askofu, alikuwa ameuawa mwezi uliotangulia karibu na Liwale akiwa safarini.

Kilichofuata kila mtu wa Songea anakijua. Tarehe 27 Februari 1906 Nkosi Mputa na wenzake wengi walinyongwa mjini Songea, baadhi yao wakiwa wamebatizwa na Padre Johannes Häfliger wa Kigonsera kabla ya kitanzi. Nduna Songea Mbano, aliyeupa mji jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji na vyakula, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapo hapo Songea akaomba msamaha.

Peramiho ilijengwa upya baada ya vita hivyo. Mikono iliyochimba mawe na kukanyaga udongo ilikuwa ya watu wa nchi iliyotoka kwenye njaa hiyo. Kwangu hii ndiyo risiti ya nyumba za mawe na matofali za Songea, na imeandikwa pande zote mbili. Upande mmoja kuna ufundi ambao wazee walijifunza kweli, wakaupenda, wakaufanya wao. Upande wa pili kuna bei iliyolipwa kabla hawajaupata. Anayesema "Wajerumani walitujengea" anasoma upande mmoja. Anayesema majengo hayo ni ya ukoloni hivyo yaanguke tu, naye anasoma upande mmoja.

Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Makatekista wetu wakabaki na kazi, na majengo nayo yakabaki mikononi mwa wenyeji. Kuanzia mwaka 1922 kiongozi alikuwa Gallus Steiger, Mswisi, aliyekuja kuwa abate na askofu wa Peramiho baada ya pale kufanywa abasia mwaka 1931. Chini yake ndipo lilipojengwa kanisa kubwa la abasia, kati ya mwaka 1943 na 1948. Angalieni hiyo miaka. Dunia ilikuwa vitani, mizigo ya meli ilikuwa ya shida, na hapakuwa na kiwanda cha saruji Tanganyika. Kiwanda chetu cha kwanza, cha Wazo Hill, kilianza kuzalisha mwaka 1966. Barabara ya lami kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika katikati ya miaka ya 1980. Mfuko wa saruji uliofika Songea miaka ile ya 1940 ulikuwa umesafiri baharini kwanza, kisha mamia ya kilomita za vumbi au tope.

Kwa hiyo fundi wa Songea alijifunza kujenga bila saruji, na hilo ndilo jambo kubwa katika nyumba hizi. Kila kitu kilitoka mahali ambapo mtu aliweza kufika kwa miguu. Jiwe lilitoka mlimani, udongo wa tofali mabondeni na wa kuunganishia kwenye kichuguu, mbao zikatoka msituni. Bidhaa za dukani zilikuwa misumari, bawaba na vitasa, na baadaye bati.

Babu alikuwa mmoja wa vijana waliojifunza uashi Peramiho, akafanya kazi kwenye kanisa hilo, kisha akarudi shambani kwake na kujenga ya kwake. Hakuwa peke yake. Mafundi wa aina yake walitawanyika Songea nzima hadi Umatengo, na kila mmoja alikuwa na wanafunzi wake. Fedha zilitoka kwenye tumbaku, zao lililokuwa likiuzwa kupitia chama cha ushirika cha NGOMAT kilichoanzishwa mwaka 1936, au kwenye mkonge wa Tanga walikokwenda vijana wetu wengi kama manamba. Misumari ya nyumba nyingi za kwetu ni jasho la mkonge.

Niliposhika kipimo cha futi nilifanya hesabu ambayo naomba mnivumilie. Kuta za nje zina unene wa tofali moja na nusu, sentimita 34 hivi. Ukuta wa unene huo hula matofali kama 180 kwa mita ya mraba, na kuta za ndani, za tofali moja, hula kama 120. Ukitoa milango na madirisha, nyumba ya babu imekula matofali zaidi ya 17,000. Tofali moja likiwa na kilo mbili na nusu, hizo ni tani 44. Na kila tofali lilibebwa kwa mkono angalau mara tano: kutoka kwenye kibao cha kufyatulia, kwenda kuanikwa, kwenda tanurini, kutoka tanurini kuja kiwanjani, na mwisho kupanda ukutani. Nyanyua 85,000 na ushee, bila kuhesabu mawe wala maji. Wengi wa waliobeba maji walikuwa bibi zetu, na majina yao hayamo kwenye hadithi yoyote ya nyumba hizi niliyowahi kusikia.

Tanuri nalo lilikuwa elimu. Matofali yalifyatuliwa baada ya mvua kwisha, kuanzia Mei, yakakauka katika baridi ya Juni na Julai. Kisha yalipangwa kuwa kilima chenye midomo chini ya kutia magogo, kilima chote kikakandikwa udongo nje, na moto ukawaka siku kadhaa mchana na usiku. Mtu wa zamu akisinzia, moto unashuka na mzigo mzima unatoka mbichi. Matofali ya katikati yaliiva vizuri na kwenda kuta za nje. Ya pembeni, yaliyoiva nusu, yalikwenda kuta za ndani ambako mvua haifiki. Ukigonga kuta za nyumba ya babu kwa kidole utasikia tofauti: za nje zinalia, za ndani ziko kimya.

Kwa nini basi nyumba hii imesimama peke yake porini, mbali na barabara, mwembe mbele na mikalitusi nyuma? Hapa historia inaruka hadi mwaka 1974. Songea ilikuwa imeshajaribu ujamaa wa hiari mapema, Litowa na vijiji vyenzake vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichovunjwa mwaka 1969. Operesheni Vijiji ilipokuja haikuwa ya hiari. Familia ziliacha nyumba za mashambani na kuhamia kandokando ya barabara, na mashamba ya zamani yakawa mahame. Nyumba za miti na nyasi ziliyeyuka ndani ya mvua chache. Za mawe na matofali zilibaki, ndiyo maana leo zinaonekana kama zilijengwa na watu wasio majirani wa mtu yeyote. Majirani walikuwepo. Nyumba zao ndizo zisizoonekana. Babu alihamia barabarani kama wengine, lakini kila msimu wa kulima alirudi kulala kule, na alipakarabati hadi mwaka aliofariki.

Tangu hapo maadui ni wawili. Wa kwanza ni sisi tunapotaka mawe ya bure. Kona moja ya baraza imeshachimbwa. Wa pili ni saruji, tena anakuja kwa nia njema. Ukuta wa tofali laini na udongo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa taratibu kupitia uso wake. Ukiuvika lipu ngumu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea. Unakaa ndani, unalainisha tofali, na baada ya miaka michache lipu inadondoka na uso wa tofali umeng'ang'ania nyuma yake. Nimeona nyumba mbili za kwetu zilizokufa hivyo, na zote mbili zilikarabatiwa na watoto waliofanikiwa mjini waliotaka kuwafurahisha wazazi. Nyumba hizi zinataka lipu ya udongo au ya chokaa, ambayo ni rahisi zaidi kwa bei ila inahitaji kurudiwa.

Sheria haitatusaidia sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyo baada ya hapo mpaka Waziri atangaze. Hakuna nyumba ya matofali Songea yenye umri huo. Na vitabu vyangu vya hesabu ni vikali zaidi: Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inakubali jengo la kawaida lipunguzwe thamani kwa asilimia 5 kila mwaka, na jengo la shughuli za kilimo kwa asilimia 20. Kwa maana hiyo ghala la shamba likifika miaka mitano vitabuni ni sifuri. Nyumba ya babu imepita umri wa sifuri zaidi ya mara kumi na bado haivuji isipokuwa mahali bati lilipong'olewa na upepo.

Sasa hoja ya zahanati. Naiunga mkono na nimeichangia, na ingekuwa lazima kuchagua moja ningechagua zahanati bila kusita. Lakini hesabu ya kubomoa haitoki. Matofali ya zamani yakibomolewa mengi huvunjika, na yaliyoiva nusu hayafai kwa ukuta wa nje. Gharama ya kubomoa, kuchambua na kusafirisha kutoka mahame hadi barabarani itafika karibu na kununua mapya pale pale kijijini. Mawe yatafaa, nakubali, lakini mawe hatuna uhaba nayo. Tutakuwa tumepoteza nyumba na kuokoa kidogo sana.

Ninachoomba kamati iweke mbele ya wanachama ni kazi ya msimu mmoja: kurudisha bati zilizong'oka na kenchi mbili zilizoliwa, kuzibua mfereji unaopeleka maji mbali na msingi, kujenga upya kona ya baraza, na kuondoa lipu ya saruji iliyopigwa chumba cha mbele. Bajeti iko kwenye kurasa za Mweka Hazina, na atakayeona bei imezidi anipigie simu tuikague pamoja. Aliye mbali anaweza kuchangia bati moja. Aliye kijijini anaweza kutoa siku moja ya kazi, na itaandikwa kwenye daftari la michango sawasawa na fedha.

Jambo la mwisho halihitaji fedha. Wapo wazee wachache kwetu ambao bado wanaweza kupindisha tao bila saruji na kulisoma tanuri kwa rangi ya moshi. Nimezungumza na wawili, mmoja ana umri wa miaka themanini na ushee, naye amekubali kuwafundisha vijana watatu kwenye kona ile ya baraza iwapo tutamtafutia usafiri na mlo. Mwenye picha za zamani za nyumba yoyote ya shamba ya eneo letu, au anayekumbuka jina la aliyeijenga na la aliyebeba maji, alete kwa Katibu kabla ya mwisho wa Mei, wakati matofali yanaanza kufyatuliwa. Paa tunataka liwe limekamilika kabla ya mvua za Novemba.